Koleta Nampembe, Aliyetoa Neno Mlangoni mwa Mtambo

Baba Paroko, mashehe mliokuja kutushika mkono, majirani wa Nkowe na wenzetu wa kituo cha umeme cha Namkole, familia imenituma mimi Nicholaus, mdogo wake wa mwisho, nisimame nisimulie maisha ya dada yetu, na ninyi watani mlioanza kunikonyeza naomba mniache nimalize, kisha mtafanya yenu.

Marehemu Koleta Bernardo Nampembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Nkowe, wilayani Ruangwa, mtoto wa tatu wa mzee Bernardo na mama Dionisia, wakulima wa korosho na mbaazi, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari Nachingwea hadi 1997. Alipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa mitambo, baba alisema basi aende, maana hapa nyumbani kila mara alikuwa amefungua kitu ambacho hakuna wa kukifunga.

Alihitimu mwaka 2001 akiwa fundi sanifu, akafanya kazi kwenye mabwawa ya mbali, na tarehe 5 Januari 2009 akahamia Namkole, ng'ambo ya Marambo, kwenye kituo kidogo kinachowasha hospitali ya misheni na mashine za kusaga za vijiji jirani. Kazi yake ilikuwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyoutazama mtambo pale ambapo jicho la mtu halifiki, vingine vikipima mtetemo wa shafti, vingine vikieleza mapanga ya gurudumu la maji yamegeukia wapi, kwa sababu mapanga hayo si kama ya panga boi la dari, hugeuzwa kwa nguvu ya mafuta kufuata wingi wa maji ya mtoni. Siku aliyonipeleka nikaone niliingiwa na hofu ya heshima, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya misa, shafti nene kama shina la mkorosho ikizunguka mbele yangu hadi ikaonekana imesimama, naye akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta kwamba inacheza, inachora duara jembamba kuliko unywele, na vihisi vinaiona bila kuigusa. Aliniambia kuwa yeye hustaajabu kila asubuhi, ingawa analipwa ili asistaajabu.

Hapo Namkole alikutana na Severini Chinguile, fundi wa kuchomelea, anayeingia ndani ya gurudumu maji yakishafungwa, wakafunga ndoa tarehe 23 Oktoba 2010 parokiani Nachingwea, wakajaliwa watoto wawili, Faith mwaka 2011 na Evarist mwaka 2014. Utaratibu wa kituo ulitaka fundi asiingie mpaka mtu wa vihisi atamke mlangoni kuwa mapanga yametulia, kwa hiyo mume aliinama kuingia mahali panapoweza kumkata mtu vipande, kwa neno la mke wake, na mke akabaki nje na neno lake.

Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 17 Aprili 2019, mtambo ulizimwa kwa sababu ya ufa kwenye panga moja, hospitali ikawa inategemea jenereta, mkuu wa kituo, mzee Abdulkarimu, akahimiza kazi iishe kabla ya Pasaka, Severini akawa amekwisha kuvaa ovaroli na tochi kichwani. Kioo kilionyesha mapanga yamefungwa, namba haisogei hata chembe, na wote wakafurahi, isipokuwa Koleta, aliyesema kihisi kizima hakikosi kupepesa kidogo, na namba iliyotulia namna hii ni ya kihisi kilichokufa, hakitazami kitu. Severini alitania mbele ya wenzake, “Huyu mwanamke ananionea wivu hata na chuma,” kisha utani ukaisha akakasirika kweli, maana hakuna mwanamume wa huku kwetu anayependa kuzuiwa na mkewe mbele za watu, lakini dada aliegemeza mgongo mlangoni, hakuondoka. Wakiwa bado wanabishana, mle ndani gizani mapanga yaligeuka, taratibu, chuma kikisaga chuma, kwa sababu vali ya mafuta ilikuwa ikivuja bila mtu kujua, huku namba kwenye kioo imebaki palepale. Shemeji yetu akakaa chini sakafuni.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kuumwa, akagundulika ana saratani, akatibiwa Nachingwea na Dar es Salaam, hadi Mei 2025 alipoletwa nyumbani Nkowe. Alichokihofia kilikuwa kimoja tu, nani atasimama mlangoni Severini akiingia. Alikuwa amemfundisha Rukaiya binti Lukumani wa Matambarale, fundi hodari, lakini Rukaiya hakuwahi kutoa neno bila kwanza kumtazama Koleta usoni.

Tarehe 6 Novemba 2025 Severini alitakiwa kuingia, Rukaiya akampigia dada simu kutoka mlangoni, akamsomea namba zote, akauliza aseme nini, na dada akamjibu, “Mimi sioni, mwanangu, unayeona ni wewe,” akakata simu, akanikataza nisimpigie mtu yeyote. Nimewahi kuona watu wakisali, sijaona mtu akisubiri vile, ameshika ukingo wa kitanda, uji umepoa, mpaka jioni bodaboda ilipoingia uani na shemeji akashuka na ovaroli lake la tope. Dada alimpapasa mikono yote miwili, kutoka begani hadi ncha za vidole, kisha akamwambia akaoge, ananuka mafuta. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 46.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani, Wakristo kwa Waislamu, mliochota maji na kupika bila kuitwa, na mzee Abdulkarimu na kituo kizima mliolibeba jeneza. Wa mwisho ni Rukaiya, ambaye namwona amejificha nyuma ya akina mama. Mwanetu, shemeji akimaliza matanga atarudi kazini, atainama mlangoni akusubiri wewe, nasi tunakuomba usimtafute Koleta kwa macho, tazama kioo, kisha sema, tumekukubali. Na wewe dada, kazi umeikabidhi, sasa pumzika kwa amani.