Kope Iliyoazimwa Mdomoni

Ndugu, majirani, na mafundi wenzake mliofika kumsindikiza baba yetu, tunawashukuru. Haya ni maisha yake kwa ufupi, kama mama alivyotusimulia na kama sisi watoto tulivyoyaona. Wengi wenu mlimwita Fundi Mate, na nadhani wengine mmelitumia jina hilo miaka nenda miaka rudi bila kujua lilikotoka. Leo mtajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwoka mikate na mama mkunga. Alizaliwa katika chumba kilichopakana na tanuri, na bibi alikuwa akisema ndiyo maana mwanawe hakuwahi kulalamikia joto. Baridi ndiyo iliyomshinda. Hata wiki ya joto kali alilala na soksi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alikuwa mzuri wa hesabu na hodari wa kupiga mluzi, na hilo la pili ndilo lililomfikisha mara kwa mara ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa mluzi ulimtoka bila yeye kujua, hata katikati ya mtihani. Alimaliza darasa la nane Desemba 1965. Baba yake alikuwa ameshaanza kuugua, kwa hiyo hakuendelea na masomo. Mjomba wake, fundi wa plasta, alimchukua akamfundisha kazi. Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Marehemu akimaliza ukuta aliambiwa, "Upapase," naye aliupapasa kwa kiganja mpaka pale palipokwaruza. "Rudia." Mafunzo yote yalikuwa hayo, na kuta zake mnazijua.

Tarehe 9 Agosti 1974, asubuhi, yeye na wenzake walikuwa wakizima chokaa kwa kuimwagia maji kwenye pipa nyuma ya jengo la shule. Chokaa ikachemka, ikaruka, ikampata jicho la kulia. Fundi mwenzake, yule tunayemwita Ndoo na ambaye leo ameketi mstari wa mbele, alimburuta mpaka bombani akamshikilia kichwa chini ya maji, huku marehemu akimporomoshea matusi ambayo Ndoo hajakubali kuyarudia hadi leo. Madaktari walisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho.

Liliokoka, lakini halikupona. Ule utando mwororo unaofunika kope kwa ndani ulikuwa umeungua, na kidonda kilipokauka, kope ya chini ikagandamana na jicho. Jicho likawa haligeuki vizuri wala halifumbi sawasawa. Likaanza kukauka, na ukungu ukawa unaingia kutoka pembeni.

Wakati huo alikuwa ameshachumbia. Mchumba wake, ndiye mama yetu, alikuwa fundi cherehani, na baba wa mchumba alikuwa karani wa posta, mtu mstaarabu, ambaye alituma ujumbe kwamba harusi isubiri mpaka mambo yakae sawa. Marehemu aliuelewa ujumbe huo. Alikwenda dukani kwa mchumba wake, akasimama mlangoni.

"Mimi sikushiki kwa nguvu," alimwambia. "Fundi wa jicho moja leo ana kazi, kesho hana."

"Nilikuuliza?" mama alimjibu, akaendelea kupinda suruali ya watu.

Januari 1975 daktari wa macho alimwita, na pembeni yake alikuwa ameketi mwenzake, daktari wa kinywa. Waliyozungumza marehemu alitusimulia mara nyingi, na kila mara aliigiza sauti zote.

"Tutakata kipande chembamba ndani ya mdomo wako wa chini," daktari wa macho alisema, "tukishone ndani ya kope."

"Daktari, mimi nimekuja kwa ajili ya jicho."

"Najua. Mdomo unaliazima."

Akauliza kwa nini wasichukue ngozi ya mkono, maana anayo tele. Daktari wa kinywa akamweleza kwamba ngozi ya mkono ni kavu na ina vinyweleo, nayo ingelikwaruza jicho, wakati jicho linataka kitu laini chenye unyevu.

"Pitisha ulimi hapo juu, nyuma ya meno ya mbele," alimwambia. "Unapaonaje?"

"Pagumu. Pana matuta."

"Hapo utando umeshikamana na mfupa, umeumbwa kuvumilia chakula kinapotafunwa. Ufizi nao ni hivyo hivyo. Sasa shuka ndani ya mdomo na shavu."

"Hapa panateleza."

"Na panavutika, kwa kuwa chini yake ni nyama, si mfupa. Ndiyo maana unaweza kupiga miayo bila kuchanika. Humo pia mna vitezi vidogo vidogo vinavyotoa mate. Tukipata bahati, vichache vitahama na kile kipande."

"Na ulimi je?"

"Ulimi tuuache. Una utando wake wa pekee, na kazi yake ya kuonja."

Marehemu akafikiri. Hofu yake haikuwa kisu. Aliuliza kama baada ya hapo ataweza kupiga mluzi. Madaktari walitazamana. Daktari wa kinywa akasema anaamini ataweza, kwa sababu hakuna mahali mwilini panapopona upesi kama ndani ya kinywa, lakini hataapa.

Alipasuliwa tarehe 21 Januari 1975. Siku za mwanzo mdomo ulivimba, akawa anakula uji uliopoa na kuongea kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mama ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Siku moja, akiwa bado kwenye ukumbi wa hospitali, alisikia mluzi kutoka wodini. Ulikuwa dhaifu na ulikuwa unapotea njia, lakini ulikuwa mluzi. Aliingia akamkuta marehemu ameketi kitandani, bandeji kichwani.

"Mdomo umepona?" alimuuliza.

"Umepona."

"Basi jicho nalo litafuata."

Kisha akataka kuelezwa walichokifanya hasa. Aliposikia kwamba kipande kimeshonwa upande wa ndani, akatikisa kichwa kama mtu wa kazi hiyo.

"Kumbe wamekutia bitana. Ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Wangeniuliza kwanza," mama akasema.

Kope iliachia. Jicho lilianza kugeuka na kufumba, na halikukauka tena. Ukungu uliokwishaingia haukuondoka. Karani wa posta alikuja mwenyewe kumtazama, akampa gazeti asome kwa jicho lile peke yake.

"Herufi sizioni, baba," marehemu alisema. "Ni kama natazama kwenye mvuke. Lakini nakuona umekaa, na naona umenuna."

Mzee alikunja gazeti, akacheka, akauliza harusi wanaitaka mwezi gani. Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa watoto wanne.

Alirudi kazini, safari hii na miwani ya kazi, na hakuna aliyegusa chokaa mbele yake bila miwani. Mafundi wenzake waliposikia habari za vitezi vya mate ndipo wakampa lile jina, wakidai jicho lake linadondosha mate akiona chakula. Daktari alikanusha. Marehemu hakumuunga mkono daktari. Mama akifunua sufuria tu, yeye alitoa leso akajifuta jicho la kulia taratibu, nasi watoto tuliamini mpaka tukawa wakubwa.

Kwa miaka mingi daktari wa kinywa alimwalika chuoni mbele ya wanafunzi wake. Marehemu alifunua mdomo wa chini akawaambia, "Tafuteni kovu." Walitafuta kwa tochi na vioo. Mmoja alilipata, akaonyesha kwa kujiamini kabisa, ila alikuwa ameshika mdomo wa juu. Ziara hizo alizipenda kuliko mialiko ya harusi, na alivaa suti.

Mwaka 2021 moyo ulianza kuchoka. Alilazwa mara kadhaa, na Mei 2024 akaomba arudishwe nyumbani. Alipokuwa hawezi tena kunywa, muuguzi alimfundisha mama kumlowesha kinywa, kwa kuwa utando wa kinywa ukikosa maji hupasuka na kuuma, na mgonjwa hana nguvu ya kusema. Mama alichovya kitambaa safi kwenye maji, akapitisha kwenye midomo, ufizi, ndani ya mashavu na juu ya ulimi. Tulijaribu kumpokea zamu, akakataa.

Asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, alipomaliza, marehemu alifumbua macho. "Imetosha," alisema. "Na wewe kanywe chai." Mama alikwenda jikoni, akanywa kikombe chote kwa kuwa ameagizwa, akarudi. Baba alikuwa ameshatutoka, na midomo yake bado ina unyevu.

Ameacha mjane, mabinti watatu, mwana mmoja, wakwe, wajukuu tisa, dada yake mdogo, na rafiki yake Ndoo.

Baba yetu alale kwa amani, na Mungu amtunze.