Fundi Delcho na Nati ya Bomba la Oili

Marehemu Delcho Karaivanov alizaliwa tarehe 14 Februari 1957 kijijini Gorna Bukva, katika milima ya Rodopi, kifungua mimba wa mzee Ivan na mama Velika. Mdogo wake, Rusko, alimfuata baada ya miaka minane.

Alisoma hapa hadi darasa la nane, kisha ufundi wa magari mjini Smolyan, akahitimu mwaka 1975. Alifanya kazi katika karakana ya ushirika wa viazi. Ulipovunjwa, akafungua yake uani. Hakuwa mtu wa haraka. Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, alikujibu, "Likiwa tayari utalisikia."

Mwaka 1983 alimwoa Zorka, wakajaliwa binti, Nevena.

Oktoba 2009 altaneta ya gari la Rusko, ile ya kuchaji betri, ilikufa, na ya kufanana nayo haikupatikana. Delcho alichukua ya injini nyingine, yenye pampu ya kusaidia breki mgongoni. Akachonga vishikio upya, akakaza mkanda, akavuta bomba la kuipa pampu oili. Nati ya bomba aliifunga kwa vidole, aje kuikaza mwisho. Akaitwa mezani. Alipotoka, mama yao alikwisha kumwaga maji mbele ya magurudumu, safari iwe nyepesi, na Rusko alikuwa kwenye usukani.

"Subiri, nikaze nati moja."

"Maji yamemwagwa, kaka. Kurudi nyuma sasa ni kuita mkosi. Kwani umekuwa bibi, unaogopa nati?"

Delcho akacheka, akamwacha aende.

Oili ilivuja, pampu ikakauka ikakwama, na kwenye mteremko pedali ya breki ikawa ngumu kama jiwe. Rusko alitolewa bondeni hai, bila mguu wa kulia.

Tangu hapo Delcho alipitisha spana mara tatu kwenye kila nati. Na kila Jumapili ya kuombana msamaha kabla ya Kwaresima, ambapo mdogo humwendea mkubwa, alivaa shati safi akakaa mezani kumsubiri mdogo wake. Miaka kumi na minne Rusko hakwenda. Watu walisema ni kinyongo. Ilikuwa aibu, maana aliyeikataa spana ni yeye.

Novemba iliyopita mapafu yalimlaza Delcho. Alifariki tarehe 9 Machi 2024, siku nane kabla ya Jumapili hiyo. Mwaka huu Rusko alikuwa ameazimia kwenda.

Marehemu ameacha mjane Zorka, binti Nevena, wajukuu wawili, na mdogo wake, anayewasomea haya. Leo kila mmoja atamimina divai kaburini na kusema, Mungu amsamehe. Rusko ana neno lake kwanza: "Nisamehe, kaka."

Alale salama, mikono yake ipumzike.