Evodia na Ukuta wa Mtakatifu Ana

Ndugu waombolezaji, kabla dada yetu hajasafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani, tusikilize maisha yake. Mimi ni Violeth, mdogo wake.

Marehemu Evodia alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, Kamachumu, mkoani Kagera. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza mwaka 1978. Mwaka 1984 alifunga ndoa na marehemu Leodegar, wakajaliwa Filomena na Noel. Alipobaki mjane aliwaacha watoto kwa bibi yao, akaja Muscat mwaka 1993 kufanya kazi za ndani kwa familia ya Kifaransa iliyoishi Sib.

Evodia hakuvumilia uchafu. Akija kunisalimu Mabela ninakoishi, chai ilipoa huku akisugua sufuria zangu, nami nimenuna.

Agosti 1998 waajiri wake walikwenda naye likizo kijijini kwao Ufaransa. Huko kulikuwa na kanisa la kale linalolindwa na serikali, lenye Misa mara moja tu kwa mwezi. Kwetu Kamachumu kila jumuiya ina zamu ya usafi, na kuta hupakwa chokaa kila Pasaka. Dada aliona ukuta mweusi kwa masizi, akawaonea aibu wenyeji. Aliazima ufunguo kwa mama mzazi wa bosi wake, akaingia na ndoo, brashi na sabuni. Chini ya masizi kulikuwa na picha ya Mtakatifu Ana, iliyochorwa karne nyingi zilizopita. Alipoitambua, uso ulikuwa umeshakwenda na maji.

Waajiri wake hawakumfukuza. Yule mama, aliyebatizwa mbele ya picha ile kabla masizi hayajaifunika, alikaa akalia kimya. Evodia alisema afadhali angempiga. Tangu hapo, zamu ya usafi ilipotangazwa hapa kanisani Ruwi, dada alitoka kwa mlango wa pembeni.

Januari 2007 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wodini aliniambia, "Violeth, usije ukasoma kwamba nilikuwa hodari wa usafi kanisani. Soma nilichofanya."

Nikamwambia watu watacheka.

"Waache wacheke. Yule mama hakucheka."

Nimesoma kama alivyoagiza, na nimeona aibu kusoma.

Alifariki tarehe 9 Juni 2007. Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja na mimi.

Hili hakuniagiza. Jumapili yake ya mwisho hapa, watu walipokwisha kutoka, alichukua kitambaa kikavu akafuta benchi alilokalia, hilo moja tu, kisha akaniangalia kama mtu aliyefumaniwa.

Mungu ampokee, ampumzishe.