Gitaa la Mama Jacqueline: Maisha ya Lusekelo Mwambungu

Ndugu yetu Lusekelo Mwambungu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika kijiji cha Lwangwa, Rungwe, mtoto wa nne wa mzee Anyosisye Mwambungu na mama Tumpe. Alizaliwa mvua ikinyesha, jambo ambalo kwa Rungwe si habari. Mama alikuwa akisimulia kwamba paa lilivuja, na mtoto akahamishwa pembe tatu za nyumba kabla ya kupata pa kulazwa. Wapo wanaosema uadui wake na unyevu ulianzia hapo, na mimi kaka yake sibishi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akajifunza useremala kwa wamisionari. Mwalimu alifundisha kuchagua ubao kwa macho. Lusekelo aliugonga kwa kidole na kuutegea sikio. Wenzake wakawa wanapita kwenye meza yake wakipiga hodi na kuuliza kama kuna mtu ndani.

Tarehe 18 Julai 1987, mjini Tukuyu, alifunga ndoa na Vaileth, mpiga gitaa wa kwaya. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya kwaya, halikuwa lake. Siku hiyo marehemu alisimama mbele ya wageni akasema, “Mke wangu nitamtengenezea gitaa kwa mikono yangu.” Tulipiga makofi sana. Makofi yale yalikuwa ya mapema kidogo.

Mwaka 1989 walihamia London. Alifanya kazi kwenye karakana ya makabati ya jikoni huko Barking, baadaye kwenye ghala la hapa Edmonton hadi alipostaafu mwaka 2022. Ila kazi aliyoipenda aliianza mwaka 1998, alipojiunga na darasa la jioni la kutengeneza magitaa, yale ya nyuzi za nailoni yanayopigwa ukumbini bila spika. Chumba cha mbele kikawa karakana, wageni tukahamia jikoni.

Na jikoni nako hatukudumu. Ubao wa mbele wa gitaa ni mwembamba sana, na marehemu alieleza kwamba mbao hunywa mvuke zikavimba. Ukizigundisha zimevimba, siku hita ikiwashwa zinasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo siku za gundi hakuna kuchemsha kitu, na hakuna kuanika nguo ndani. Jacqueline, binti yake, alilalamika, “Dad, ni maharage tu!” Akajibiwa, “Maharage yana mvuke kuliko treni.” Mama yake akabeba sufuria akaenda kuchemshia kwa jirani. Mchungaji aliwahi kuja na koti lililolowa, akaombewa baraka akiwa mlangoni, na aliyemwombea ni marehemu.

Kila gitaa lilipokamilika, Mama Jacqueline alilipiga, na marehemu akasikiliza amefumba macho. Alitaka uzi mnene usikike hadi tumboni, uzi mwembamba uwe mtamu bila kupiga kelele, na aliyekaa kiti cha nyuma asikie sawa na wa mbele. Halafu akatoa hukumu. “Hili linaongea kwa pua. Tutawapa kanisani.” “Hili zuri, ila lina haya. Mpe yule mwalimu wa Barking.” Magitaa kumi na manne yaliondoka hivyo, na waliopewa walishukuru mpaka wakalia.

“Na la kwangu lini, Baba Jacqueline?”

“La kwako halitaki haraka.”

“Haraka? Huyo Jacqueline mwenyewe sasa ana watoto!”

Ubao wa mgongo wa gitaa la kumi na tano ulitoka Neasden, upande mwingine wa London, kwa rafiki yake Tushar, mzaliwa wa Mwanza. Tushar alikuwa na kabati la mninga lililokuja na wazazi wake kutoka Tanzania, na kila marehemu alipokwenda kunywa chai aliligonga. “Bwana Lusekelo,” Tushar alimwambia, “unaligonga kabati la mama yangu kama polisi. Chukua, nipate kunywa chai kwa amani.” Walilibeba kwenye basi, mlango mmoja mmoja. Dereva mmoja aliuliza nyumba imebaki wapi.

Mwezi Oktoba 2024 moyo wake ulianza kusumbua. Gitaa lilikuwa limeshaungwa, imebaki vanishi, ambayo hupakwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, wiki nyingi. Mikono yake haikuwa na nguvu tena. Alikaa kwenye kiti, Mama Jacqueline akashika kitambaa.

“Zungusha, Mama Jacqueline. Zungusha! Hupaki siagi.”

“Nimewaogesha wazee wa watu miaka ishirini kwenye nyumba za kulelea. Kitambaa nakijua.”

Jumapili tarehe 9 Februari 2025 zilifungwa nyuzi. Mama Jacqueline alipiga wimbo mmoja wa kwaya ya Tukuyu, akasubiri hukumu. Tulisubiri wote. Marehemu alikaa muda mrefu amefumba macho, mpaka Tushar akainama kuhakikisha kama anapumua.

“Hili,” akasema, “hatumpi mtu.”

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, nyumbani, usingizini. Jana Tushar aligonga jeneza kwa kidole, akasikiliza, akasema, “Angelikataa.”

Siku za msiba akina mama walikuja na masufuria yao kama desturi. Mama Jacqueline, aliyefukuzwa jikoni kwake miaka yote hiyo, alisimama mlangoni na kuwaambia, “Humu hakichemshwi kitu. Vanishi bado changa.”

Basi chakula cha leo kimepikwa Neasden, na vifuniko vitafunuliwa uani. Gitaa halikuletwa makaburini kwa sababu mnaona wenyewe hali ya hewa. Tukitoka hapa twende nyumbani tukalisikilize. Makoti yaacheni nje.

Marehemu ameacha mjane, Vaileth, watoto wawili, Jacqueline na Justin, wajukuu watatu, mimi kaka yake Godson, rafiki yake Tushar, na magitaa kumi na tano, moja likiwa limefika kwa mwenyewe.

Apumzike kwa amani, Lusekelo wetu, na huko alikokwenda pawe pakavu.