Ziwa Limegoma Kuganda

Kijiwe chetu ni ubao uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, nje ya duka la Norjmaa, upande unaopata jua la asubuhi. Ubao unatosha watu wanne. Wa tano ni mimi, ambaye kila siku nachelewa, ndiyo maana wananiita Nusu Tako. Mbele yetu ni ziwa Tolit, na ng'ambo yake, kilomita kumi na nane, kuna watu wetu. Miaka mingine, katikati ya Desemba malori huwa yanapita juu ya barafu kama yako barabarani. Mwaka huu baridi ilichelewa, tukaingia Januari tumekaa tu, na kwa vile mafuriko ya kiangazi yalisomba daraja la kuzungukia, ng'ambo hakufikiki. Kwetu sisi ilikuwa soga ya kunywea chai. Kwa mzee Choijil haikuwa soga hata kidogo. Jumamosi mjukuu wake wa miaka minne alikuwa anakatwa nywele zake za kwanza huko ng'ambo, na lama, mtawa wetu wa Kibudha, alishasema mkasi wa kwanza ushikwe na mtu aliyezaliwa mwaka wa Nyoka. Ukoo mzima, Nyoka ni Choijil peke yake. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

— Limeganda? nikauliza, nikijibana pembeni.

— Kwani wewe macho yako ya nini? akanijibu Redio. Tazama pale katikati. Maji meusi yale.

Redio ni Gombo, mtu ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Na kweli, katikati ya ziwa palikuwa na weusi mpana, unang'aa. Ukingoni kweupe, katikati kweusi. Kila asubuhi tuliutazama weusi ule na kutikisa vichwa.

— Mita, jana usiku kipimajoto kilisema nini? akauliza Choijil.

Mita alifanya kazi kituo cha hali ya hewa mpaka kilipofungwa. Kituo kikafungwa, kipimajoto akaondoka nacho.

— Ishirini na nane chini ya sifuri.

— Halafu ziwa haligandi?

— Haligandi. Ina maana kipimajoto kimekufa.

Tukakubaliana naye. Ndevu zake zilikuwa zimeshika barafu, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, lakini hakuna aliyeliona hilo kuwa ushahidi.

— Tuko Tisa ya pili ya baridi, akasema Yadmaa, maana baridi yetu tunaihesabu kwa siku tisa tisa. Tangu enzi za babu zetu, Tisa ya pili hata pombe ya maziwa inaganda. Juzi nimeweka chupa nje nipime.

— Ikaganda?

— Haikufika asubuhi.

Yadmaa ndiye Lori, kwa sababu lori analo. Ndilo lililotarajiwa kumpeleka Choijil ng'ambo, yeye na kondoo wa sherehe.

— Lori, twende hivyo hivyo, akasema Choijil. Tupite pembeni pembeni.

— Ziwa lina pembeni ya kufika ng'ambo? Mzee, gari lenyewe mlango wa upande wako umefungwa kwa kamba. Tukizama utatokea wapi?

— Nyie hamjui kinachoendelea, akasema Redio, na sauti yake ikashuka kama mtu anayetoa siri ya serikali. Ni mnara wa simu.

— Mnara umefanya nini?

— Maneno yanatoka huku kwenda kule yakiwa ya moto. Yanapita wapi? Juu ya ziwa. Sasa mtu akipiga mara moja, sawa. Lakini kuna watu hapa wanapiga asubuhi, mchana na jioni.

Wote tukamgeukia Choijil.

— Mara tatu tu, akasema.

— Nne, akasema Lori. Jana ulipiga ukiwa chooni, tulikusikia.

— Unalichemsha mwenyewe halafu unatuuliza kwa nini haligandi! akafoka Redio.

Choijil akaweka bakuli lake chini.

— Anayepiga ni yule mtoto, akasema. Ananiuliza, babu, umefika wapi? Namwambia niko njiani. Siku ya tisa leo namwambia niko njiani. Jana kaniuliza hiyo njia ina urefu gani.

Nilimwonea huruma yule mzee mpaka nikamsogezea nafasi, nikabaki nimekalia hewa.

— Usijilaumu, mzee, akasema Mita kwa upole. Si simu. Ni samaki.

— Samaki?

— Hapa kwetu nani anakula samaki? Hakuna. Sisi na nyama, nyama na sisi. Wamezaana huko chini, wamenona, wamejaa tele. Na kila mmoja anapumua. Hebu fikirini, wanapumua wote kwa pamoja.

— Wee Mita, acha kutufunga kamba. Samaki ana damu ya baridi.

— Mmoja, ndiyo. Wakiwa laki mbili?

Hesabu hiyo ilitushinda.

— Mko chini mno, akasema Lori. Angalieni juu. Watu wote wamehamia mji mkuu, Ulaanbaatar, si ndiyo? Wao, magari yao, makabati yao, mama wakwe zao. Uzito wote umekaa sehemu moja. Dunia imelala upande ule, upande wetu umenyanyuka, tumelisogelea jua.

— Kwa hiyo wakirudi nyumbani Mwezi Mweupe kula sikukuu ya mwaka mpya...

— Litaganda siku hiyo hiyo. Na wakiondoka, linayeyuka.

— Umwambie shemeji yako arudi mapema. Yule peke yake anatosha.

Tukacheka mpaka ubao ukalia. Choijil hakucheka. Alikuwa anatazama ng'ambo, midomo ikihesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

— Na huko kwao wanasemaje? nikamuuliza. Wao hawalioni?

— Binti yangu anasema wanatusubiri sisi. Huwa habari inatoka upande wetu.

— Umeona? akadakia Redio. Hata wao wamechoka na simu zako.

Hapo ndipo akaja Maralmaa, daktari mpya wa mifugo. Aliletwa Septemba, bado kijana, bado anasalimia kila mtu.

— Wazee, baridi mnaionaje?

— Baridi gani, mwanangu? akasema Redio, akikwangua barafu kwenye nyusi zake. Mwaka huu hakuna baridi. Tunangoja ziwa ligande.

Maralmaa akatazama ziwa. Akatazama bakuli langu, ambalo chai yake ilikuwa imeshaota utando mgumu juu.

— Kwani miaka mingine mnajuaje kama limeganda?

— Linajulikana tu.

— Linajulikanaje?

— Watu wanaanza kupita, akasema Lori.

— Na yule wa kwanza kupita, yeye anajuaje?

Lori akainamia kamba za viatu vyake. Mimi nikaitazama theluji.

Kwa sababu mtu wa kwanza alikuwepo. Kila mwaka alishuka peke yake na mtaimbo, akigonga hatua kwa hatua mpaka ng'ambo, na kesho yake akarudi akaja kukaa hapa, akatutukana waoga wote. Mwezi wa sita alituacha. Kwetu jina la aliyeondoka halitamkwi ovyo, mwaka wa kwanza hasa, na mbele ya mkewe ndiyo kabisa. Basi hatukulitamka. Tukakaa, tukanywa chai, tukatazama ziwa, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza tunamngoja nani.

— Mume wangu, akasema Norjmaa.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

— Wiki tatu mmekaa hapo mnakunywa chai yangu, mnamsubiri mume wangu.

Choijil akasimama.

— Mtaimbo uko wapi, shemeji?

— Nyuma ya mlango. Hakuna aliyeuulizia.

— Mzee, ukizama nimwambie nini binti yako? akapiga kelele Lori.

— Mwambie nilichoka kukaa na nyie!

Akashuka. Anagonga, anasikiliza, anapiga hatua. Anagonga, anasikiliza, anapiga hatua. Akaupita weupe wa ukingoni, akawa mdogo. Alipofika kwenye yale maji meusi akasimama, na Redio akafumba macho. Choijil akainua mtaimbo juu, akaupiga chini, mlio wake ukatufikia baadaye kidogo. Halafu akaruka. Mzee mzima, na goti lake bovu, akaruka mara mbili juu ya maji.

— Haya, Mita, akasema Maralmaa, ni nini ile?

— Barafu, akasema Mita taratibu. Safi kabisa. Upepo umefagia theluji yote, ndiyo maana nyeusi.

— Imeanza lini?

Mita akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Siku kumi. Labda kumi na mbili.

— Mimi nilisema tangu juzi, akasema Redio.

Lori alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuwasha moto chini ya injini ipate joto, na Maralmaa akamfuata kumfunga kondoo. Kule ziwani Choijil hakugeuka kutuita. Aliendelea na njia yake kuelekea ng'ambo, hana tena habari na lori.

Norjmaa alisimama akimtazama mpaka chai ya birika ikapoa.

— Kila mwaka nilikuwa nasimama hapa hapa namtukana kimoyomoyo, akasema. Mjinga gani anatangulia, watu wote wamekaa? Leo nimemwona mjinga mwingine, na sijui kwa nini nimefurahi hivi.

Akajifuta macho, akaingia ndani kuchemsha nyingine.