Mtoto Mmoja, Zawadi Moja

Sogeeni, wanangu, mnisikilize vizuri, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno. Leander, zima hiyo simu. Corinne, mkwe wangu, najua umetoka zamu na miguu inakuuma, kaa hapa kitandani. Nawe Rosina, usisimame huko dirishani; mimi ndiye niliyekupigia simu uje, si mdogo wako, na hii bado ni nyumba yangu.

Ya mali hayana maneno mengi. Nyumba, zizi na mashamba ya mahindi ni ya Leander, kwa kuwa ndiye aliyebaki kukamua ng'ombe baba yenu alipofariki. Msitu wa ng'ambo ya kijito, pamoja na kibanda cha kuchemshia utomvu wa miti uwe sukari, ni wa Rosina, na watoto waruhusiwe kwenda huko kila masika. Vyombo gawaneni bila kelele.

Sasa lililonifanya niwaite. Krismasi iliyopita mliigeuza sebule yangu ghala la zawadi. Rosina, hukujaliwa mtoto, na mapenzi yako yote uliyafunga kwenye karatasi za rangi ukawaletea watoto wa mdogo wako. Ukamletea Emmett gari la betri la kuendesha mwenyewe, asubuhi ile ile mama yake alipompa baiskeli aliyoitolea jasho usiku kucha kwenye kiwanda cha kuchinja batamzinga. Mtoto akapanda gari, baiskeli ikabaki imeegemea ukuta, na mimi nilimwona Corinne alivyokuwa akiitazama. Jikoni akakwambia, "Wifi, umekuja kuwanunua watoto wangu?" Ukamjibu kwamba watoto hawanunuliwi, wanajua wenyewe nani anawapenda. Hilo halikuwa jibu la kumpa mama aliyechoka. Nawe Leander ukatoka nje, ukawasha gari la dada yako lianze kupata moto, na kila mmoja akaelewa kwamba dada yako anafukuzwa. Tangu siku hiyo hakuna salamu. Na wakati mnarushiana maneno, Tessa alikuwa bado sakafuni anafungua zawadi, macho yamemwiva kwa uchovu, akaniinulia uso akaniuliza, "Bibi, naruhusiwa kuacha?"

Nilidhani mwaka huu mtapumzika. Kumbe Corinne aliogopa shangazi mtu ataleta vitu kwa posta, akaongeza zamu ili anunue zaidi. Leander akaogopa mkewe asije akaaibika, naye akaongeza zawadi zake. Maboksi yakajaa kabatini, yakajaa stoo, mwisho yakapangwa koridoni hadi darini, nje ya mlango wangu, na watoto wakaonywa kwamba atakayeyagusa ataharibu Krismasi.

Jumapili ya pili ya Majilio, tukiingoja Krismasi, maboksi yakaporomoka, yakauziba mlango. Corinne alikuwa kazini, Leander zizini, Emmett chini na michezo yake ya kelele. Niliita mpaka sauti ikakauka. Aliyekuja ni Tessa. Nikamwambia ayasukume kando, akanijibu kutoka upande wa pili, "Siwezi, Bibi. Nikiyagusa Krismasi itaharibika, na Mama atalia tena." Nikamkataza kwenda zizini peke yake, maana theluji ilikuwa inamfika kiunoni. Tukakaa hivyo, mtoto huku analia kwa sauti ya chini, mimi huku nimefungiwa na midoli. Nilijikojolea, wanangu, mimi niliyewafundisha ninyi wawili kukaa chooni. Leander alipokuja alinibadilishia shuka kwa upole, sina lawama naye, kisha nikamsikia akiyapanga tena maboksi, pale pale. Hapo nikajua hamwezi kutoka humo wenyewe. Kila mmoja anamngoja mwenzake aache kwanza.

Basi ninawatoa mimi. Kila mtoto apate zawadi moja, moja tu, itokayo kwenu nyote. Corinne na Rosina mtakwenda kuinunua pamoja, katika gari moja. Mkitaka kugombana gombaneni njiani, lakini mrudi nayo. Yaliyo kwenye maboksi yarudisheni dukani, na yasiyopokelewa pelekeni parokiani. Corinne, acha zamu za ziada. Mwezi huu wote hujawaona wanao wakiwa macho. Rosina, Jumamosi zote za Majilio zilizobaki watoto ni wako. Wafundishe kuoka zile biskuti za mama yangu, uwarudishe jioni wamejaa unga. Usimwonee wivu, Corinne. Akiwapenda shangazi yao, wewe hupungukiwi na kitu. Na Jumapili iwe ya mshumaa, supu na wimbo, televisheni izimwe, pasiwe na mtu wa kukimbilia dukani.

Watu watasema. Emmett atauliza mbona kwa jirani mti umezama kwenye zawadi. Mwambieni Bibi ndiye aliyeamuru. Nitupieni mimi lawama zote, marehemu hana mdomo wa kujitetea.

Nipe maji, Corinne. Kidogo tu... asante.

Nikifa kabla ya sikukuu, nizikeni karibu na baba yenu, kisha mrudi nyumbani mkale. Msiifute Krismasi ya watoto kwa ajili yangu. Maua yasiwe mengi.

Leander, mwanangu. Dada yako yuko hapa tangu mchana na hujamtazama hata mara moja. Mimi siwezi kukulazimisha, hata kikombe hiki kinanishinda kuinua. Sema naye neno moja nami nikiwa nasikia. Lolote. Muulize barabara ilikuwaje.

Nangoja.

...Nimesikia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nimesikia. Mjibu, Rosina, usilie, mjibu. Ndiyo. Barafu tupu hadi darajani, eh? Na matairi yako yale ya zamani. Mwambie akutazamie kabla hujaondoka.

Mungu awalinde. Akupumzishe, Corinne, mkwe wangu mchapakazi. Akujazie nyumba, Rosina. Leander... akulainishe. Na wale wadogo wapate kulala bila kuhesabu kitu.

Nimechoka sasa. Nafumba macho tu, msiogope. Ninyi wawili endeleeni kuongea. Msinyamaze kwa ajili yangu... endeleeni.