Mstari Mmoja wa Mwalimu

Benchi ni langu, jiko ni langu, birika ni langu, ila kelele ni zao. Kila wakifunga kazi wanakuja wote watatu: Kinyozi, anayepiga gitaa, Injinia, anayetengeneza feni na kupiga ngoma, na Mapafu, mwashi anayepuliza tarumbeta. Walifundishwa muziki na mtu mmoja, Mwalimu, mzee aliyekuwa akinywa kahawa hapahapa kwangu mpaka masikio yalipoanza kumsumbua. Daktari alimwambia yatazidi kufifia mpaka yazime kabisa. Basi watatu hawa wakaapa kumtungia wimbo, auwahi angali anasikia. Wakajiwekea na sheria: neno haliingii mpaka wote wakubali. Wakati huo ilikuwa mvua, watu wanaruka madimbwi. Sasa ni vumbi tupu, na wimbo una mstari mmoja. Wamenichosha.

— Tuendelee tulipoishia, alisema Kinyozi. "Mwalimu wetu, ulitushika mkono."

— Mkono gani? Injinia akadakia. Mimi alinishika sikio.

— Ndiyo maana mpaka leo husikii la mtu.

— Maneno baadaye, alisema Mapafu. Kwanza tujue nani anaanza kupiga. Mimi nasema tarumbeta.

— Ngoma, bwana. Masikio yakichoka, sauti inapita kwenye mifupa. Ngoma tunaiweka chini ya kiti chake.

— Mzee wa watu umtikise kama feni mbovu? Tarumbeta ndiyo sauti ya mwisho kumtoka mtu. Babu yangu mzaa mama alikuwa hasikii hata akiitwa kula, lakini nikipuliza tu, ananirushia kiatu.

— Si alikuwa anakuona?

— Alikuwa kanipa mgongo.

— Na kiatu kikakupata?

— Kilimpata shangazi. Lakini babu alisikia.

Niliwaambia wapunguze sauti, nina wateja wengine. Hakuna aliyegeuka.

— Nyie masikio hamyajui, alisema Kinyozi. Mimi nayaona kila siku, tena kwa karibu. Mwalimu hana ugonjwa, ana nywele. Ukizikata kwa upande unaofaa, sauti inaingia yenyewe. Hasa ya gitaa.

— Mbona hujamnyoa?

— Nasubiri wimbo uishe. Nimfungue masikio halafu asikie nini?

— Mimi nitamaliza kazi, alisema Injinia. Namfungia spika ndani ya mto. Anausikia wimbo usingizini, akiamka anaujua wote.

— Wimbo upi? nikauliza.

— Mama Kahawa, usituharakishe, alisema Mapafu. Kazi ya watu watatu hii.

Hapo damu ilinichemka. Mwashi anayemaliza ukuta kabla ya jua kuzama ananishangaza anaposhindwa na neno moja miezi nenda miezi rudi. Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze, mara akaingia msusi aliyefungua saluni jirani juzijuzi, ameshika chupa nimjazie kahawa ya wateja wake. Akasimama kuwasikiliza.

— Shikamooni, kaka zangu. Huyo Mwalimu ni nani?

Wakamweleza wote kwa pamoja, yule mifupa, yule nywele, yule kiatu. Msusi akawaacha wamalize.

— Na kwa sasa bado anasikia?

Kinyozi akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mapafu. Mapafu akachungulia kikombe chake.

— Si wewe ulikwenda kumwona? Kinyozi akamuuliza Injinia, sauti imeshuka.

— Mimi nilijua unakwenda wewe. Nilisema nitakwenda wimbo ukiwa tayari.

— Na mimi hivyohivyo, alisema Mapafu.

Nikamjazia msusi chupa yake, akaaga taratibu, akaenda zake. Birika lilikuwa zito bado mkononi mwangu, na roho iliniuma kwa ajili ya yule mzee, anayekaa mtaa wa pili tu kutoka hapa. Nikaligeuza birika, kahawa yote ikamwagika kwenye mchanga.

— Kahawa imekwisha, nikawaambia. Inukeni mwende kwake.

— Tukampigie nini, Mama Kahawa? Kinyozi aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza kweli.

— Huohuo mstari mmoja. Na mkifika mlangoni, bisheni hodi kwa nguvu.